Nani Ashike Daftari la Zamu?

Usiku mmoja mwezi uliopita umeme ulikatika hapa Levolosi kwa muda usiotimia robo saa. Kwa walio wengi halikuwa jambo la kusemwa. Wenye mishumaa waliwasha mishumaa, wenye simu wakamulika kwa simu, na wachuuzi waliochelewa kufunga karibu na soko la Kilombero wakaendelea kukunja maturubai yao gizani. Lakini kijana mmoja, mpangaji katika nyumba inayopakana na ua wangu, alitoka nje akaketi kizingitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwuliza, "Kulikoni, mwanangu? Kuna msiba?" Akasimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mzee. Msiba hakuna. Ila kazi yangu ya siku tatu imekwenda na maji."

Kijana huyu anasomea shahada ya pili. Kazi yake ni kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya maharage kwa kutazama picha za majani, ili mkulima aweze kupiga picha kwa simu akiwa shambani na kuambiwa palepale ni ugonjwa gani umemwingilia. Picha amezipiga yeye mwenyewe katika mashamba ya Arumeru, jua na mvua. Kompyuta yake ya mpakato, ambayo betri yake ilikufa zamani, ilikuwa imekesha siku tatu mchana na usiku ikizipitia picha hizo, feni yake ikivuma kama jiko la mafuta, na ikazimika kabla hajahifadhi matokeo. Nikamwuliza kama chuoni kwao hakuna mashine yenye nguvu zaidi. Akasema ipo. Lakini ni mali ya idara nyingine, imefungiwa katika chumba chenye kufuli, na mwenye ufunguo yuko safarini.

Chuo chenyewe sitakitaja, maana sioni kwamba kosa hili ni la chuo kimoja. Nathubutu kusema kwamba yeyote aliyepita katika vyuo vyetu ameonja mambo ya namna hiyo. Neno ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji leo ni hili: twalia kila siku kwamba hatuna mashine, na kilio hicho ni cha haki; lakini hata zile tulizo nazo hazijulikani ni za nani, saa ngapi, na kwa hesabu ya nani.

Tena jambo hili si geni duniani. Palikuwa na wakati ambapo hata mataifa tajiri hayakuweza kumpa kila msomi kompyuta yake, wala kila chuo. Mashine moja ilijaza ukumbi mzima, ikanywa umeme wa mtaa, na bei yake ilitosha kujenga shule kadhaa. Wasomi wa siku hizo walifanya nini? Walikula bia. Mwaka 1957, huko Marekani, chuo cha MIT kilifungua kituo chenye kompyuta aina ya IBM 704 iliyotolewa na kampuni yenyewe. Siku iligawanywa mara tatu: fungu moja la saa likawa la MIT, fungu la pili likawa la vyuo vingine vya eneo lile la New England, na fungu la tatu kampuni ikajiwekea. Naomba msomaji aliangalie vizuri fungu lile la pili. Chuo kilichoifuga mashine chini ya paa lake hakikupata saa zote kwa sababu tu paa ni lake. Saa za wageni ziliandikwa tangu siku ya kwanza.

Miaka 8 baadaye jambo hilo likaendelea mbele zaidi. Katika jimbo la North Carolina vipo vyuo vikuu vitatu vilivyo karibu karibu, kama vile vyetu vilivyotawanyika kati ya mjini Arusha na Usa River: Duke ulioko Durham, chuo cha jimbo kilichoko Raleigh, na chuo kikuu cha Chapel Hill. Kimoja ni cha watu binafsi, viwili ni vya serikali ya jimbo. Na kama ilivyo desturi ya jirani na jirani, vilishindana sana, hasa katika michezo. Mwaka 1965 vilianzisha shirika la pamoja lisilo la faida, lililoitwa Triangle Universities Computation Center, likawekwa mahali pa katikati, si ndani ya chuo chochote kati ya vile vitatu. Mwaka uliofuata likapata IBM System/360 Model 75, iliyokuwa miongoni mwa mashine kubwa za siku zake. Kila chuo kilibaki na mashine yake ndogo nyumbani, iliyounganishwa na ile kubwa kwa waya wa simu. Mwanafunzi akitoa kazi yake Durham, kazi yapita wayani, yahesabiwa kituoni, na majibu yarudi Durham kuchapwa. Juu ya shirika palikuwa na baraza la wajumbe kutoka vyuo vyote vitatu.

Waliendelea hivyo zaidi ya miaka 20. Na jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba vyuo vidogo vya jimbo lile havikuachwa nje. Kulikuwa na mpango uliovipa mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kituo, na saa za kujifunzia bila malipo kwa kipindi cha mwanzo, pamoja na walimu wa kuzunguka chuo hadi chuo wakiwafundisha walimu wenzao. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tunamfahamu mwalimu wa kuzunguka. Alikuja kwa baiskeli au kwa pikipiki, akakaa siku mbili tatu, akasahihisha madaftari, akaonyesha namna mpya ya kufundisha hesabu, akaenda zake. Nastaajabu kwamba watu wenye mashine za kuhesabu za mamilioni ya dola waliona kuwa mtu wa namna hiyo ndiye wanayemhitaji.

Uingereza nao walifanya yao. Mwaka 1964 kompyuta kubwa iliyoitwa Atlas iliwekwa Chilton kwa ajili ya wasomi wa vyuo vikuu vyote vya nchi ile, nao walipeleka kadi na kanda zao za karatasi zilizotobolewa matundu hata kwa posta, wakangoja majibu yarudi kwa posta. Na huko Denmark, mwaka 1965, kituo kilifunguliwa Lyngby karibu na Copenhagen kwa mashine ya IBM 7090, kikahudumia vyuo vikuu vya nchi za kaskazini ya Ulaya, sio vya Denmark peke yake. Kwa hiyo hata mpaka wa nchi haukuwa kizuizi kwa walioamua.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki ataniuliza: na sisi je? Mbona nasi tulikuwa na chuo kikuu kimoja? Naam, tulikuwa nacho. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa Juni 1963, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza, na vyuo vyake vitatu vilikuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari wa binadamu ulifundishwa Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Meru aliyetaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi, na kijana wa Kisumu aliyetaka kuwa mwanasheria alishuka pwani. Hakuna aliyeona ni aibu. Lakini kila serikali ilitaka kuwa na chuo chake chenye kila kitu, na hamu hiyo haikuwa ya kulaumiwa, kwa kuwa nchi changa zilihitaji wataalamu wengi na upesi. Tarehe 30 Juni 1970 chuo kile kikafika mwisho, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu.

Tazama basi bahati ilivyotupita. Miaka ile ile ambamo wenzetu walikuwa wakijenga vituo vya pamoja vya kompyuta, sisi tulikuwa na chuo kikuu cha pamoja, kisha tukakigawa kabla kompyuta hazijawa jambo la kawaida vyuoni. Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza haikuingia chuoni, bali katika Wizara ya Fedha, mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500. Mambo hayakwenda sawasawa. Hesabu za Hazina zilizohamishiwa katika mashine zilivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa polepole katika miaka ya 1980. Siko miongoni mwa wale wanaoicheka amri ile. Mtu aliyepotezewa hesabu na mashine asiyoielewa, inayotengenezwa na fundi wa ng'ambo kwa vipuri vya ng'ambo, ana haki ya kusema basi. Lakini gharama yake ilikuwa kwamba kizazi kizima cha wasomi wetu kilikosa kujifunza namna ya kuishi na mashine hizi, na pamoja nayo namna ya kuzigawana.

Lakini kugawana kwenyewe hatuhitaji kufundishwa na mtu wa North Carolina. Panda kutoka hapa mjini kuelekea mteremko wa Mlima Meru utaikuta mifereji iliyochimbwa na wazee wa Wameru na Waarusha, ikishusha maji kutoka mitoni hadi katika migomba na kahawa. Mfereji hupita shamba la mtu wa juu kabla ya kumfikia wa chini. Lau ingekuwa maji ni ya yule ambaye yanapita kwake kwanza, watu wa chini wangalikwisha kuhama siku nyingi. Kuna zamu. Kila nyumba yaijua siku yake na saa yake, na hata kama mgomba wa jirani umenyauka, zamu haichukuliwi bila kuombwa. Siku ya kuzibua mfereji wote hutoka na majembe. Asiyetoka hutozwa faini, au hukosa maji. Na mwenye kusimamia zamu si lazima awe mwenye shamba kubwa. Ni mtu ambaye watu wa juu na wa chini wanamwamini.

Sasa linganisha mfereji huo na hali ya vyuo vyetu. Katika eneo hili la Arusha tunayo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia kule Tengeru, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Kipo Chuo cha Ufundi Arusha, kipo Chuo cha Uhasibu Njiro, ipo ESAMI, kipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kipo Chuo Kikuu cha Arusha, na vingine kadha wa kadha vya serikali na vya madhehebu. Ni wachache kati yao wasiofundisha kompyuta kwa namna moja au nyingine. Nani anayejua jumla ya mashine zao zenye nguvu? Nani anayejua ngapi zinafanya kazi usiku huu, na ngapi zimelala?

Misaada nayo imekuja. India, kwa taasisi yake ya C-DAC, imesaidia kujenga vituo vya kompyuta katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na hapa Tengeru. Mwaka 2013, mashine kubwa iliyoitwa Ranger, ya kituo cha Chuo Kikuu cha Texas, yenye viini vya kuhesabia zaidi ya 60,000, ilistaafishwa ikiwa na umri wa miaka 5. Baadhi ya makabati yake yakafungwa na kusafirishwa kuja kusini mwa Afrika, yagawiwe vyuo vya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Zawadi hizo ni za kushukuriwa. Lakini zawadi ina tabia yake. Huja na jina la mpokeaji mmoja, husainiwa na mkuu mmoja, hupigwa picha mbele ya mlango mmoja. Haiji na pesa za umeme wa mwaka wa tatu. Haiji na mshahara wa fundi. Wala haiji na daftari la zamu. Hilo wenye nyumba hawana budi kulichora wenyewe, na wasipolichora siku ya sherehe hawatalichora tena, kwa sababu kila siku inayopita huongeza mtu mmoja anayeona kwamba mashine ni yake.

Nazisikia hoja mbili za kunipinga, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza yasema kwamba zama za mashine ya pamoja zimekwisha. Siku hizi kila mwanafunzi ana kompyuta mapajani, na anayetaka nguvu zaidi atakodi kwa saa kutoka kwa makampuni ya ng'ambo kupitia intaneti. Ni kweli kwamba kompyuta ya mpakato ya leo ingeiaibisha IBM 704 mbele ya wajukuu wake. Lakini na kazi zimekua. Kuifundisha mashine kutambua majani, kusikia Kiswahili kinachosemwa, au kutabiri mvua ya mteremko wa Meru, ni kazi zinazodai kadi za grafiki ambazo moja tu ya daraja la juu huzidi bei ya gari dogo la mitumba. Tumerudi, kwa njia ya ajabu, pale walipokuwa wasomi wa mwaka 1957. Na huko kukodi, hukodiwa kwa dola na kwa kadi ya benki. Mwanafunzi anayelipa chumba Levolosi kwa kubangaiza hana dola. Chuo chenye dola nacho, kila mwisho wa mwezi hulipia saa zilizokwisha kuyeyuka, kisibaki na mashine wala fundi aliyejifunza kuitengeneza. Sisemi tusikodi kabisa. Nasema kwamba mwenye mfereji wake hununua maji siku ya ukame tu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami nakiri kwamba hunitisha. Yasema: mali ya bia huzaa ugomvi. Na hapa Arusha hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa na makao yake makuu katika mji huu huu, ilivunjika mwaka 1977, na mabehewa, ndege na meli vikagombewa kama mirathi. Yeyote aliyesimuliwa siku zile na wazazi wake hawezi kulitamka neno "pamoja" kwa wepesi. Lakini mtu akiichunguza mirathi ile ataona kwamba moja ya sababu za manung'uniko lilikuwa swali la mali ziko wapi na nani anafaidika nazo zaidi. Yule aliye karibu na karakana alionekana kufaidi kuliko aliye mbali. Ndiyo habari ya shamba la juu na shamba la chini. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba uliosainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ilizaliwa ikijua jambo hilo. Na majirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 1999, vyuo vyao vimejenga mtandao wao wa pamoja uitwao KENET, ambao umesimama hadi leo. Nasi tunao TERNET, na juu yake upo umoja wa mitandao ya namna hiyo, UbuntuNet, wenye ofisi Lilongwe. Waya basi upo. Mtu wa Usa River hana haja ya kupanda daladala ili kuifikia mashine ya Tengeru.

Kinachokosekana ni watu kuketi. Nashauri wakuu wa vyuo vya Arusha wakutane, wasingoje mfadhili wala waziri, wakiwa na orodha ya mashine zao mkononi, nzima na mbovu, bila kuficha. Wachague mashine chache za kuanzia, hata kama ni mbili. Chuo kinachoifuga mashine kipewe fungu lake, wala lisizidi nusu ya saa zote. Kinacholipa umeme kihesabiwe umeme wake. Kinachotoa fundi kihesabiwe fundi wake. Na chuo kidogo kisicho na chochote cha kutoa kipewe saa za mwanzo bure, kama walivyopewa vile vyuo vidogo vya North Carolina, hadi kitakapoweza. Pesa za betri za akiba na za jenereta zitengwe kabla ya pesa za mashine mpya. Daftari la zamu liwe wazi kwa kila mwanafunzi kulisoma, na anayelishika asiwe mtumishi wa chuo kinachoifuga mashine.

Hili la mwisho najua litaleta mabishano kuliko mengine yote. Mkuu wa chuo atasema, nawezaje kumpa mgeni ufunguo wa chumba changu? Namjibu kwamba ufunguo wa chumba abaki nao. Mashine ikiwa imeunganishwa vizuri, anayeitumia hahitaji kuingia chumbani, na pengine ni heri asiingie. Kinachotolewa kwa mgeni ni kalamu ya kuandika saa. Yapo mambo madogo nisiyoyagusa, kama vile nani alipe picha za kijana fulani zikipotea, au kazi ya siri ya hospitali ihifadhiwe wapi. Hayo wataalamu watayamaliza, wakishaketi.

Kijana wa jirani yangu amekwisha kuanza upya. Amenunua betri iliyotumika pale mjini, na sasa anahifadhi kazi yake kila baada ya saa moja. Nilimweleza haya ninayoyaandika, nikamwuliza kama angekubali kungoja zamu, yeye na wenzake wa vyuo vingine, wakati mashine ya chuo chake mwenyewe iko karibu. Alifikiri kidogo. Akasema, "Mzee, hata wakinipa saa nane za usiku, Jumapili kwa Jumapili, nitaamka. Shida yangu ni kwamba sasa hivi sijui nimwombe nani."